Kufika Mbamba Bay Wakati wa Masika

Siku mliyoniaga kazini mlinipa kitenge, chupa ya chai na ombi. Kitenge nimekishona, chupa ya chai inavuja, limebaki ombi. Mlisema niandike kidogo jinsi tulivyosafirisha watu zamani kutoka Mbinga kushuka ziwani, ili wafanyakazi wapya wa ofisi wasome. Nadhani mlitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Lakini mahindi yangu nimeshayapalilia na mvua hainiruhusu kutoka, kwa hiyo mtasoma zaidi ya ukurasa mmoja. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyenyewe vilikuwa viwili, na cha pili alikuwa nacho mwenye basi.

Nilianza wakati soko huria lilipokuwa bado jipya. Kabla ya hapo mtu wa Mbinga aliyetaka kwenda Mbamba Bay alisubiri lori la ushirika, na lori lilikuja lilipojisikia. Kisha ghafla kila kitu kikaruhusiwa. Maduka yakajaa sabuni za rangi na redio za kaseti, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda milima na mizani zao, na Mzee Otmari Ndunguru, mkulima wa kahawa wa hapa hapa kwetu, akauza mavuno yake, akaenda Dar es Salaam kununua shati, akarudi na basi. Shati hakununua. Mke wake alimkumbusha jambo hilo kwa miaka mingi.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nipo nyumbani nachuma kahawa. Mzee aliniajiri kwa sababu ya mwandiko. Kazi yangu ya siku ya kwanza ilikuwa kuandika ubao wa stendi kwa rangi ya mafuta: MBINGA – MBAMBA BAY, KILA SIKU, MWAKA MZIMA. Niliandika kwa herufi nzuri sana. Nilipomaliza, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi alitoka ofisini, akasoma ubao, akachukua chaki, akaongeza chini yake: Mungu akipenda.

Huyo ndiye Bibi Gaudensia Kapinga, aliyenifundisha kazi. Kwa miaka mingi alikuwa mpokeaji wa simu ya upepo misheni, na Mzee Otmari alikuwa amemwajiri yeye pamoja na simu nyingine aliyoinunua mahali fulani, ikiwa na betri ya gari na waya mrefu uliopanda hadi juu ya mnazi wa bati, kama tulivyouita mlingoti wetu. Mzee alipoona chaki, aliifuta. Kesho yake Bibi aliandika tena. Waliendelea hivyo hadi mvua za kwanza zilipoanza. Mwezi wa kwanza basi lilipolala njiani mara ya tatu, Mzee mwenyewe alikuja na kopo la rangi akaniambia, "Osmunda mwanangu, yale maneno ya Bibi yaandike vizuri, yasifutike."

Bibi Gaudensia alikuwa na kanuni moja tu ya biashara. "Mwanangu, sisi tunaahidi kuondoka. Kufika hatuahidi, kufika tunazungumza." Abiria akiuliza tutafika saa ngapi, nilitakiwa kumuuliza kama amebeba chakula.

Alinifundisha pia namna ya kuuliza habari za barabara. Sisi watu wa huku tumelelewa na adabu, ukimuuliza mtu aliyetoka ziwani, "Barabara ikoje?" atakujibu, "Nzuri tu, tunamshukuru Mungu," hata kama gari lake bado liko mtaroni. Kwa hiyo Bibi alikataza swali hilo. Aliuliza, "Mlivua viatu?" Mtu akisema hapana, basi liliondoka. Akisema tulivua, tuliweka minyororo ya matairi na majembe. Akisema, "Viatu vipi? Viatu vyangu viko kule," tulirudisha nauli. Kama mtu alikuwa mkaidi, Bibi alitazama tope kwenye pindo la suruali yake. Tope jekundu ni la huku milimani, halina neno. Tope jeusi ni la bondeni, nalo lilimaanisha amesukuma. Mchanga wa ziwani juu ya tope jeusi ulimaanisha amesukuma, ameanguka, na hataki kulizungumza.

Ninyi leo mnatazama hali ya hewa kwenye simu, nami siwaonei wivu, kwa sababu nimeona mnavyolowa. Sisi tulikuwa na kalenda ya misheni ukutani na watu waliotoka safari. Mwaka tuliujua kwa abiria wake. Mwezi wa sita na wa saba Mbinga ni baridi na ukungu, watu wanapanda basi wamejifunga blanketi, kisha wanafika ziwani wamelowa jasho, wanatulaumu sisi. Miezi hiyohiyo ziwani kunavuma mwera, upepo mkali wa kusini, na mawimbi yake hayana utani. Wamatengo wenzangu waliokuwa hawajawahi kuona ziwa walinisihi niwatafutie nafasi kwenye boti ya kwenda Liuli, wakaone raha ya maji. Niliwatafutia. Walirudi kwa miguu, wakiwa wamenyamaza. Mwezi wa tisa na wa kumi ziwa limetulia na barabara imekauka, lakini vumbi linaingia hadi ndani ya mayai ya kuchemsha. Halafu mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mvua inaanza, na hapo ndipo kazi yetu ilipoanza kweli.

Mwaka wa pili wa basi letu, upande wa pili wa stendi pakafunguliwa ofisi nyingine. Mwenye basi alikuwa Mama Hilda, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Mbamba Bay, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mitumbwi, Mwanglikana wa ukoo wa wavuvi. Basi lake alilipata kwa dagaa, na lilisafirisha dagaa na watu kwa heshima ileile. Siku aliyofungua ofisi, Mzee Otmari alisema mbele ya watu kwamba basi la jirani lina faida moja, hata kipofu anaweza kulipata. Mama Hilda akajibu, bila kugeuka, kwamba hata basi la Mzee halipotei, unafuata tu watu wanaosukuma.

Tangu siku hiyo hawakuzungumza. Lakini biashara inalazimisha watu kuwasiliana, kwa hiyo walizungumza kupitia kwangu. Walisimama hatua chache mmoja kutoka kwa mwenzake, na Mzee akaniambia, "Mwambie yule mama aondoe gunia lake mlangoni kwangu." Nami nikageuka na kusema, "Shikamoo Mama. Mzee anaomba gunia lisogee." Mama Hilda akasema, "Marahaba binti. Mwambie huyo mzee wako kwamba gunia lina haki ya kukaa stendi kama yeye." Nikageuka tena. Kila upande nililainisha kidogo. Bila mimi wangeshafikishana polisi mwezi wa kwanza.

Sasa nifike kwenye ile safari mnayoniulizia kila mwaka, ambayo kila mtu anaisimulia vibaya.

Mzee Otmari alikuwa na binti, Kandida, fundi cherehani pale sokoni, msichana wa maneno machache na mkasi mkali. Alikuwa amechumbiwa na Betramu, mwalimu wa shule ya msingi huko ziwani, mtoto wa wavuvi. Mzee alikubali mahari, ila moyo wake haukutulia. Palikuwa na mnunuzi mmoja wa kahawa, kijana wa kuja, ambaye kila akipita na pikapu yake alimwachia Mzee kreti ya soda na kumsalimia kwa kuinama sana. "Mimi sina neno na Betramu," Mzee aliniambia siku moja. "Ni kijana mzuri. Ila pikapu ni pikapu."

Ndoa ilipangwa ifungwe Mbamba Bay, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresma. Mnaelewa maana yake. Jumatano inayofuata ni ya Majivu, na katika Kwaresma Paroko wa kule alikuwa hafungishi ndoa. Ikishindikana, ni kusubiri hadi baada ya Pasaka. Kandida alikuja ofisini, akasimama mbele ya meza ya Bibi Gaudensia. "Bibi," alisema, "nikingoja hadi Pasaka, baba atakuwa ameshakunywa kreti nyingine tano. Nifikishe."

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia Bibi akisahau kanuni yake. Alimwambia, "Utafika, mjukuu wangu." Kisha akakaa siku nzima akiuliza watu habari za viatu. Mvua ilikuwa imepumzika karibu wiki. Akaamua tuondoke Alhamisi. "Alhamisi," alisema, "barabara itakuwa kama kitanda."

Jumatano mvua ilinyesha kutwa. Na kweli barabara ilikuwa kama kitanda. Kila gari lililala.

Tuliondoka hata hivyo, maana tulikuwa tumeahidi kuondoka. Mimi nilitumwa niende na basi ili nishughulikie mambo yakiharibika. Ndani walikuwamo Kandida, Mzee Otmari katika koti lake la harusi, mashangazi, na kwaya nzima ya kigango. Juu palikuwa na seti ya makochi, cherehani na magunia ya mchele. Gauni la harusi lilining'inizwa nyuma ya dereva ndani ya mfuko wa nailoni, na kila tulipopiga kona lilimpiga kichwani. Alivumilia. Alisema ni mara ya kwanza kupigwa na kitu safi.

Penye mteremko mkali wa kuelekea ziwani kuna kona ambayo madereva waliiita Ungama, kwa sababu abiria wakifika pale walianza kukumbuka dhambi zao. Tulipoifikia, dereva alisimamisha gari, akazima injini, akashuka, akarudi, akasema, "Barabara haipo."

Tulishuka wote kuhakikisha. Kweli haikuwepo. Kipande cha mlima kilikuwa kimeshuka usiku na kwenda zake bondeni, na barabara ilikuwa imefuatana nacho. Mtu mwepesi angeweza kuvuka kwa kutelezateleza, lakini gurudumu hapana. Na upande wa pili wa lile tope, likiwa limeelekeza pua kwetu, lilisimama basi la Mama Hilda. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni. Alisafiri na basi lake kila siku, kwa sababu hakumwamini kondakta yeyote aliyezaliwa.

Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtoto. Sisi tulitaka kushuka, wao walitaka kupanda. Watu wetu wavuke tope wapande basi lao, ligeuke liwapeleke Mbamba Bay. Watu wao wavuke waje kwetu, tuwapeleke Mbinga. Dereva wetu aliiona, dereva wao aliiona, kwaya iliiona. Waliokuwa hawaioni walikuwa wawili, na ndio wenye mabasi.

Nilivuka lile tope nikiwa nimeshika viatu mkononi. Mama Hilda alinipokea kwa kunivuta kama samaki.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba binti. Mwambie huyo mzee wako kwamba ndani ya basi langu kuna mama mjamzito, uchungu umemshika tangu asubuhi, na zahanati wamesema afike hospitali ya Mbinga. Akitaka kuomba msaada, aombe. Mimi simkatazi."

"Mama, nadhani hapo zinazohitaji msaada ni pande zote mbili."

"Ndiyo. Ila aanze yeye."

Nikavuka tena. Nilimweleza Mzee habari za mama mjamzito, naye akashtuka kweli, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Aletwe mara moja," alisema. "Wote waletwe. Bure." Kisha akakaza uso. "Lakini Kandida haingii kwenye lile basi. Binti yangu hatasimama mbele ya altare akinuka dagaa."

"Mzee, sasa atafikaje?"

"Mvua itakatika, barabara itatengenezwa."

"Lini?"

Mzee alitazama mahali barabara ilipokuwa. Nilikuwa naye ofisini muda wa kutosha kujua kwamba hapo alikuwa anaiona Pasaka, na nyuma ya Pasaka anaona pikapu, na moyo wake ulikuwa unavutana wenyewe kwa wenyewe.

Kandida alikuwa amesimama nyuma yetu, amesikia yote. Alipanda basi, akashusha gauni lake, akaliweka kichwani na mfuko wake wa nailoni, akavua viatu, akafunga kitenge juu ya magoti, akaanza kuteremka kwenye tope. Shangazi yake mkubwa alipiga kelele, "Kandida! Utaanguka!" Kandida akajibu bila kugeuka, "Nikianguka, naanguka kuelekea huko huko."

Basi kwaya nzima ikavua viatu. Wanaume walichukua majembe yetu wakachonga vidato kwenye udongo, kama wanavyochonga ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia milimani, na hiyo ni kazi Mmatengo anaijua kabla ya kujua kusoma. Wengine walikata miti miwili wakafunga mablanketi, wakatengeneza machela, wakavuka kumchukua yule mama mjamzito. Waimbaji wa sauti ya pili walimbeba kupanda huku wale wa sauti ya kwanza wakishuka na makochi. Mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kujipa nguvu. Abiria wa Mama Hilda, ambao wengi walikuwa Waanglikana, waliujua kwa maneno mengine, na kila upande ukaona ndio wenye maneno sahihi. Waliimba kwa kushindana hadi mlima ukarudisha sauti. Yule mama juu ya machela, katikati ya uchungu, alisikika akisema, "Jamani, imbeni wimbo mmoja." Wakanyamaza, kisha wakaimba mmoja.

Mzee Otmari alibaki juu na koti lake. Nilimwona akitazama seti ya makochi ikiingia kwenye basi la dagaa, kochi moja baada ya jingine. Mwishowe alivua viatu naye. Alipofika chini aliteleza hatua za mwisho, akatua kwa makalio mbele ya Mama Hilda. Mama Hilda alimtazama, akanigeukia mimi.

"Mwambie karibu."

Nikamwambia.

Basi letu liligeuka na kupanda Mbinga na yule mama, na sisi tukashuka ziwani na Mama Hilda. Kuhusu harufu, nitasema ukweli kwa sababu nimestaafu: ilikuwapo. Lakini tulikuwa tumelowa matope kiasi kwamba baada ya mwendo kidogo dagaa ndio waliokuwa na haki ya kulalamika.

Tulifika Mbamba Bay kabla ya jua kuzama, siku mbili kabla ya ndoa. Watu wa Betramu walitupokea kwa vigelegele, maji ya kuoga na samaki wa kukaanga. Mama yake Betramu alimkumbatia Kandida, akamwachia, akatazama nyuma yake, akatazama ndani ya basi.

"Na Betramu?" aliuliza.

"Betramu yupi, mama?" Kandida alisema. "Si yuko hapa?"

Ikawa hivi. Asubuhi ile habari zilikuwa zimefika ziwani kwamba mlima umeshuka Ungama na hakuna gari litakalopita. Betramu hakungoja kusikia zaidi. Alivaa buti, akashika njia ya mkato ya watembea kwa miguu, ile inayopanda moja kwa moja msituni bila kugusa barabara, akaenda kumchukua mchumba wake mwenyewe. Wakati sisi tunashuka na makochi, yeye alikuwa anapanda upande wa pili wa kilima. Tulipishana bila kuonana.

Niliwahi kuona mizigo ikipotea, mbuzi wakipotea, na mara moja mtaalamu wa kilimo. Bwana harusi sikuwahi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye ofisi ndogo ya Mama Hilda, penye simu yake ya upepo. Mlango ulijaa ndugu. Niliita Mbinga, na sauti ya Bibi Gaudensia ikaja, imetulia kama siku zote.

"Mbamba Bay, nakupata. Nina kijana hapa. Ana matope hadi kwenye nyusi. Nilimuuliza kama alivua viatu, akasema havipo. Anadai ni bwana harusi. Nimempa chai. Nimfanyeje? Ova."

Kabla sijajibu, Kandida alinipokonya kipaza sauti.

"Betramu. Unafanya nini Mbinga? Ova."

Kulikuwa na mlio wa upepo, kisha sauti ya mtu aliyechoka sana. "Nimekuja kukuchukua. Ova."

"Mimi niko kwenu. Nakula samaki wa mama yako. Ova."

"Nilisikia barabara imekatika. Niliogopa baba yako atasema tungoje Pasaka. Ova."

"Kwa hiyo ukaja kwa miguu? Mlima wote ule? Ova."

"Sasa ningekuja na nini, Kandida? Mimi sina pikapu. Ova."

Mzee Otmari alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Simu ya upepo haina siri, mjue. Kituo chochote kilichowasha kinasikia. Na kweli ikaingia sauti nyingine.

"Samahani, hapa Kitai. Tulikuwa na ujumbe wa mbolea, lakini si wa haraka. Endeleeni tu. Ova."

Kandida alifuta macho kwa kiganja. "Betramu, nisikilize. Usitoke hapo. Usije kwa miguu, usije kwa punda. Kila ukinifuata tunapishana. Kaa hapo uletwe. Ova."

"Nakaa. Ova."

"Kitai nasi tunasema akae. Ova."

Paroko alikuwa ameshapita asubuhi hiyo. Jumamosi haiwezekani bila bwana harusi, alisema, lakini anaweza kufungisha Jumatatu, au Jumanne kabla ya mchana. "Jumatano," alisema, "nawapaka watu majivu, hata wawe wamevaa shela." Kwa hiyo palihitajika basi la Mzee Otmari limteremshe Betramu hadi Ungama, na basi la Mama Hilda limngoje upande wa chini. Mabasi mawili, wenyewe wawili, na mimi nina kipaza sauti mkononi, najaribu kumweleza Bibi mpango kabla betri haijaisha.

"Osmunda," Mzee aliniita. "Muulize huyu mama..."

"Subiri Mzee, naongea na Mbinga."

"Binti," Mama Hilda aliniita upande wa pili. "Mwambie huyu mzee..."

"Subiri Mama, jamani!"

Nilikuwa sijawahi kuwapigia kelele wakubwa. Wote wawili wakatazamana. Mzee Otmari alipapasa ukingo wa kofia yake.

"Mama," alisema, "basi lako linaweza kupanda tena hadi pale?"

"Linaweza," alisema Mama Hilda. "Linanuka, lakini linaweza."

"Yule kijana," Mzee alisema, "ametembea mlima mzima."

"Nimesikia. Hata Kitai wamesikia."

"Basi tumlete."

"Haya. Tumlete."

Mvua ilituchelewesha, Betramu akaletwa Jumapili, na Jumatatu ndoa ikafungwa. Gauni lilikuwa safi kabisa. Miguu iliyokuwa ndani yake ilikuwa na mikwaruzo ya Ungama, lakini hiyo haikuonekana. Yule mama mjamzito alijifungua salama hospitalini mtoto wa kike. Alituma salamu kwa kwaya, na ombi kwamba wakati mwingine wakubaliane wimbo kabla.

Masika yaliyofuata Mzee na Mama Hilda hawakugombania tena njia. Basi moja lilifanya kazi juu, jingine chini, na pale katikati watu walivuka kwa miguu, na tiketi ya huyu ilikubaliwa na yule. Mimi ndiye niliyewapanga. Waliendelea kubishana kila siku, ila sasa walibishana ana kwa ana, nami nikapata muda wa kunywa chai. Walipozeeka waliunganisha ofisi, na hiyo ndiyo ofisi mnayofanyia kazi. Mnaponusa dagaa kwenye stoo siku za joto, msitafute panya.

Leo kuna lami, na kona ile mnaipita mkiwa mmelala. Nimefurahi kuishi hadi kuiona. Wiki yangu ya mwisho kazini alipiga simu kijana mmoja kutoka Songea, sauti ya kisomi na haraka, akitaka nimshauri mwezi mzuri wa kwenda Ziwa Nyasa. Nilimuuliza anakwenda kutembea tu au anakwenda kwa mtu. Akasema kuna tofauti gani. Nikamwambia kama anakwenda kutembea asubiri mwezi wa tisa, ziwa limetulia, abebe kitambaa cha vumbi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba, kusema kweli, kuna mtu.

Nje mvua ilikuwa inamwagika kwa ndoo. Nilimkatia tiketi ya kesho, na nikamwambia abebe viatu vya pili.